Kilo ya nyama 12,000, mwanafunzi wa Sayansi ya Wanyama anakula maharage. Hela inaishia kwa nani?

#1 Mzee wa Bahi (mleta mada)
Wakuu, salaam.

Nina binti yuko mwaka wa pili SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo), Morogoro, anasoma Sayansi ya Wanyama. Mimi mwenyewe ni mfugaji mdogo huku Bahi, Dodoma. Zamani hesabu ya ada haikuwa na maneno mengi: unatoa dume moja mnadani, ada inalipwa na chenji ya sukari inabaki.

Mwaka 2018 nilikuwa nanunua nyama Dodoma mjini kwa 6,000 kilo. Sasa hivi Dar ni 12,000, na kuna mabucha wanakutajia 13,000 bila aibu. Nikajisemea, basi na mimi mwenye ng'ombe zamu yangu imefika. Nimepeleka dume la maana mnadani, nimeondoka na laki tisa. Ada ni milioni na ushee, bado bima, bado chumba, bado mtoto ale. Nikalazimika kumtoa na mtamba ambaye sikutaka kumuuza.

Kama nyama imepanda mara mbili mjini, mbona huku kwetu haijapanda hivyo? Na binti ananiambia huko chuoni wali nyama ni wa siku akitumiwa hela. Nani anakula hapa katikati?

Nawasilisha.

#2 Kijiwe Nongwa
Nimekaa pale kwa muuza supu nasubiri wataalamu.

#3 Nyundo ya Ukweli
Jibu ni moja tu: Waarabu. Nyama yote nzuri inapanda ndege kwenda Saudia, Qatar, Kuwait, Oman. Sisi tunabakiziwa makongoro. Wizara ikija hapa inajisifu tumeuza tani kadhaa nje, haisemi mwananchi kala nini.

#4 Gogo la Bucha
Mzee wa Bahi, ukisema "nani anakula katikati" watu wote watanigeukia mimi wa bucha, kwa hiyo ngoja niweke hesabu mezani kabla sijatukanwa.

Bucha langu liko Tabata. Saa kumi alfajiri niko machinjioni Vingunguti. Jumla kule nachukua kwa 10,000 kilo. Tuseme nimebeba nusu ya kilo 60, nimetoa laki sita. Nikishaikata yote siuzi kilo 60. Kuna damu, kuna maji yanayokauka, kuna ule unga wa mifupa unaobaki kwenye msumeno na kwenye gogo. Nikibahatika nauza 58. Mara 12,000 ni 696,000. Faida 96,000, na hapo ni kama nyama imeisha siku hiyohiyo. Toa kodi ya fremu, umeme wa friza, kijana wa kukata, mifuko, leseni, usafiri wa kutoka machinjioni. Na kuna mama anakuja anataka steki tupu kwa bei ya mchanganyiko, ukimpa mfupa mmoja anakutangaza mtaa mzima.

Mimi sipo huko katikati unakokusema. Niko mwisho kabisa, napokea bei ilivyokuja.

#5 Mama Wawili
Gogo la Bucha, mbona hujaweka kwenye hesabu kile kidole kinachopumzika juu ya mizani? 😂

#6 Gogo la Bucha
Mama Wawili, mizani yangu ni ya kidijitali na inamtazama mteja. Karibu Tabata.

#7 Mama Wawili
Ya kidijitali ndiyo inayodanganya vizuri. Nyumbani nina mizani yangu ya keki, nikirudi na kilo naikuta gramu 900. Sio kwako, usinune.

#8 Dokta Mifugo
Mzee wa Bahi, tuanze na huyo dume wako. Ulimpima?

Nauliza kwa sababu minada yetu mingi ng'ombe anauzwa kwa macho. Anayenunua ana macho ya miaka ishirini, anayeuza anauza wawili watatu kwa mwaka. Lazima uliwe. Kuna minada ina mizani kabisa, imewekwa kwa fedha ya serikali, na watu wanaipita pembeni kwa sababu dalali hapendi.

Ng'ombe wetu wa asili akiwa na kilo 250 akiwa hai, ukimchinja na kumsafisha unapata kama nusu yake, tuseme 125. Kwa bei ya jumla aliyotaja Gogo la Bucha hiyo ni 1,250,000. Wewe umepewa 900,000. Kwa hiyo kati ya mnada wako na ndoano ya Vingunguti kuna 350,000, na hapo sijahesabu ngozi, kichwa, miguu na utumbo. Sisemi yote ni faida ya mtu. Nasema swali lako liko ndani ya hiyo 350,000.

Tatizo la pili ni la kwetu wafugaji. Ng'ombe anakaa miaka minne mitano ndiyo afikie hizo kilo. Ng'ombe wa aina ya Boran aliyelishwa vizuri anazifikia mapema sana. Muda wote huo unamlisha, unamwogesha, unamtibu ndigana kali, halafu unasema umepata laki tisa. Hiyo si laki tisa.

#9 Lori la Meatu
Naona nimeshaitwa bila kutajwa jina. Mimi ndiye wa katikati.

Nanunua minada ya Meatu na Kishapu, nashusha mnada wa Pugu, Dar. Dokta hiyo 350,000 yako uliyoikuta ofisini njoo uitafute barabarani. Dalali wa kule anachukua chake, wa Pugu anachukua chake. Ushuru wa mnada. Kibali cha kusafirisha mifugo. Lori na dizeli. Vijana wawili wa kukaa nyuma na ng'ombe usiku kucha, wakiona amelala wanamwinua kwa kumvuta mkia, maana akilala anakanyagwa na wenzake na ukifika Pugu unashusha mzoga. Mmoja akifa safari nzima umefanya kazi ya sadaka.

Na kuna kitu watu wa hesabu hawakijui. Ng'ombe akipanda lori na kilo 250 hashuki na 250. Siku mbili hajanywa, hajala, anatetemeka. Mnunuzi wa Pugu anamtazama mbavu anasema "huyu ameisha", na bei inashuka mbele ya macho yako.

Mwaka 2021 kuja 2022, ukame uliposhika, nilikuwa napata ng'ombe kwa bei ya mbuzi. Simanjiro, Longido na kote huko mifugo ilikufa maelfu. Waliobaki ndio tunagombania leo. Mtamba aliyenusurika mpaka azae, ndama akue awe dume la kuchinja, si jambo la mwaka mmoja. Bei ya leo ni ya ukame ule.

#10 Msukuma wa Bariadi
Lori la Meatu umesema ukweli nusu. Ng'ombe wapo. Njoo Bariadi nikuonyeshe. Hatuuzi tu.

Kwetu ng'ombe ni benki. Nikiwa na shida nauza, nikiwa sina shida kwa nini niuze? Nikishauza hela naiweka wapi, kwenye simu inakatwa tozo? Bei ikipanda ndiyo nauza wachache zaidi, maana shida yangu ya milioni moja sasa inamalizwa na mmoja badala ya wawili. Hapo wachumi wenu wa mjini wanachanganyikiwa. Wanadhani bei ikipanda ng'ombe watamiminika mnadani.

#11 Kijiwe Nongwa
Hii ya #10 nimeirudia kusoma. Yaani bei inapanda, na yeye anapunguza kuuza, na bei inapanda tena. Aiseee.

#12 Niko Muscat
Nyundo ya Ukweli, hapo #3 umeteleza. Naishi Muscat, nyama ya Tanzania naiona kwenye friji za maduka hapa na naitafuta makusudi. Ni mbuzi na kondoo, tena mzoga mzimamzima umevishwa kitambaa cheupe. Ng'ombe wa Tanzania simwoni. Ng'ombe wanaoliwa hapa wanatoka Pakistan, Brazil, Australia. Kama unataka kuwalaumu Waarabu, walaumu kwa bei ya mbuzi.

#13 Nyundo ya Ukweli
Mkuu wa Muscat, mbuzi akiisha sokoni mlaji wa mbuzi anahamia wapi? Kwa ng'ombe. Hoja yangu iko palepale. Na hujagusa wale wanaoswagwa usiku kwenda Kenya.

#14 Jirani wa Kajiado
Mmeanza. Kila kitu kikipanda bei Tanzania, Mkenya ndiye mwizi 😄

Ni kweli Namanga wanavuka, na wanavuka pande zote mbili, kutegemea mvua iko wapi. Mwaka 2017 si mlikamata ng'ombe wetu zaidi ya 1,300 mkawapiga mnada? Mmasai hajui mpaka, anajua nyasi. Na nyama Kenya nayo haishikiki, kwa hiyo kama mnatuuzia basi hata sisi haitutoshi.

Kuhusu chuo: poleni, ila njooni mwone karo huku. Tangu ule mfumo mpya wa ufadhili wa 2023, mzazi anawekwa kwenye kundi kutokana na kipato, na kundi ndilo linaamua utatoa ngapi. Jirani yangu ana mtoto Egerton, kule Njoro, anasomea kilimo. Mfumo ulimwona ana ng'ombe na shamba, ukamhesabu mtu mwenye uwezo. Ng'ombe wenyewe wamekonda mbavu unazihesabu.

#15 Mzee wa Bahi
Nashukuru kwa michango. Dokta, dume sikumpima, mizani ipo pale mnadani ila ilikuwa imefungwa kufuli na mwenye funguo alikuwa msibani. Dalali alimpiga kofi la paja akasema "tisa", wengine wote wakanyamaza. Walinyamaza kabisa, hata hakuna aliyepandisha kwa elfu kumi. Ndiyo maana nimeuliza.

#16 Lori la Meatu
Mzee, hapo walishapanga kabla hujafika. Anayenunua ni mmoja, wengine wamevaa kofia tu. Siku nyingine nenda na ndugu yako ajifanye mnunuzi.

#17 Glavu Ndefu
Shikamoo mzee wa Bahi. Mimi nasoma udaktari wa mifugo, Moro hapahapa, naomba nikupe picha ya upande wa binti yako.

Bumu ni 10,000 kwa siku kwa aliyepata mkopo wa chakula na malazi. Chumba Mafiga nalipa 60,000 kwa mwezi, ambayo ni 2,000 kwa siku. Chai na chapati mbili 1,500. Mchana wali maharage 2,000. Jioni ugali dagaa 2,000. Imebaki 2,500, humo kuna sabuni, kifurushi cha intaneti, kuchapa ripoti, nauli ya kwenda Msamvu. Wali nyama ni 3,500 na unapewa vipande viwili, kimoja mfupa. Ukila huo mchana, jioni unakunywa uji.

Hayo ni ya kila siku. Kozi yetu ina mengine: ovaroli, gamboti, koti la maabara, seti ya visu vya upasuaji, na glavu za plastiki zinazofika begani za kupimia mimba. Nimeshaingiza mkono kwa ng'ombe mpaka kwapani, nikanawa, nikaenda kula maharage. Wenzangu wa kozi nyingine miaka mitatu wanatoka. Sisi ni mitano.

#18 Nyundo ya Ukweli
10,000 kwa siku peke yako na unalia? Mimi nalisha watu watano kwa hiyo hiyo.

#19 Glavu Ndefu
Kaka, sijalia, nimehesabu. Na si zawadi, ni deni. Nikiajiriwa nakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi mpaka liishe.

#20 Kikokotoo
Nyongeza kidogo kwa #19, maana wengi bado wanatishana na mambo ya zamani. Ile tozo ya asilimia 6 ya kutunza thamani ya deni ilifutwa 2021. Bumu nalo lilikuwa 8,500, likapandishwa kuwa 10,000 mwaka 2022. Wa enzi ya 8,500 mnaikumbuka ile 510,000 ya siku 60. Ikisoma tu kwenye akaunti, geto zima linanuka mishkaki.

Sasa weka kando ya bei ya nyama. Mzee wa Bahi anasema 6,000 mwaka 2018, leo 12,000. Kwa bumu la 8,500 siku moja ulikuwa unanunua kilo moja na robo ya nyama na chenji juu. Kwa 10,000 leo hufikishi kilo. Limeongezeka huku limepungua.

#21 Mkongwe wa Magadu
Vijana, sisi tulisoma hapo SUA chuo kikiwa bado kichanga. Ada serikali, chakula serikali, nauli ya likizo serikali. Kantini nyama ilikuwa jambo la kawaida, siku ya maharage ndiyo tulikuwa tunanung'unika. Miaka ya 90 mwanzoni wakaleta kuchangia gharama, na hapo ndipo mambo yakaanza kubadilika. Chuo hiki kilianzishwa na Nyerere mara tu baada ya Uhuru ili mtoto wa mkulima asome bure.

#22 Kikokotoo
Mkongwe, heshima yako, ila SUA kama chuo kikuu ni 1984. Kabla ya hapo palikuwa na chuo cha kilimo cha diploma, halafu kikawa Kitivo cha Kilimo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Jina la Sokoine, aliyekuwa Waziri Mkuu, limekuja baada ya kifo chake Aprili 12, 1984.

#23 Mkongwe wa Magadu
Kijana, mimi nakwambia nilivyokula, wewe unaniletea tarehe. Majengo yalikuwepo!

#24 Mama Wawili
Mkongwe kashikilia nyama yake ya kantini, mwacheni 😂 Ila ni kweli Sokoine alifia Dodoma, siyo?

#25 Msukuma wa Bariadi
Hapana mama. Alikuwa anatoka Dodoma bungeni anarudi Dar, ajali ikatokea Dakawa, Morogoro. Si mbali na chuo chenyewe.

#26 Fremu ya Kulia
Mimi naona mnazunguka. Nchi ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, ya pili Afrika, halafu tunajadili uhaba. Huu ni uzembe wa sera, basi.

#27 Dokta Mifugo
Ya pili kwa hesabu ya nani? Ethiopia iko juu, hilo halina ubishi. Chini yake Sudan, Chad na sisi tunapishana kutegemea umeshika takwimu za mwaka gani. Na idadi haikupi nyama. Idadi inakupa mdomo wa kulisha. Ukiwa na ng'ombe watatu wa kilo 200 wanaochukua miaka mitano, na mwenzako ana mmoja wa kilo 450 aliyemaliza miaka miwili, nani anauza nyama zaidi?

Vijana wa BBT (mradi wa serikali wa kuwaingiza vijana kwenye kilimo na ufugaji) wanaonenepesha madume wameonyesha kwamba miezi mitatu ya chakula kizuri inabadilisha ng'ombe. Lakini chakula chenyewe ni mashudu ya pamba, na mashudu nayo yamepanda. Pamba ikiwa mbaya msimu huo, Shinyanga na Simiyu kote unenepeshaji unasimama.

#28 Msukuma wa Bariadi
Dokta, na malisho je? Mwaka 2006 wafugaji waliondolewa Ihefu, wakatembea na ng'ombe mpaka Lindi na Rufiji. Kilosa na Mvomero, hapo hapo jirani na chuo chenu cha kilimo, kila kiangazi mkulima na mfugaji wanakatana mapanga. Ng'ombe anayeswagwa mwaka mzima atanenepa lini? Ukiniambia nilete Boran, kwanza nionyeshe atalala wapi.

#29 Sokoni Darajani
Unguja huku msituambie kuhusu 12,000. Ng'ombe wanatoka bara, wanapanda meli, na anayelipa meli ni mlaji. Karibu na Idi Kubwa ndiyo usiulize. Nyie wa bara mnalalamikia katikati moja, sisi tuna mbili.

#30 Ufundi Kwanza
Kwa mzazi mwingine anayesoma huu uzi na mtoto wake hajaomba chuo: si lazima digrii. Kuna LITA, vyuo vya mifugo vya serikali. Tengeru, Mpwapwa, Morogoro, Buhuri, Mabuki, na vingine. Astashahada au stashahada, mtoto anatoka anajua kuchanja, kuhasi, kupandisha kwa chupa. Kijijini watu wanamlipa huyo kabla ya mwenye digrii anayesubiri ajira Dodoma.

#31 Glavu Ndefu
Nakubaliana na #30 kwa sehemu. Wa LITA wakija fildi nasi tunaona wana mkono mwepesi. Ila akikutana na ng'ombe aliyekwama ndama amegeuka, au ugonjwa anaoufananisha na homa ya mapafu kumbe siyo, ataita nani? Lazima mtu asome hiyo mitano.

Na mzee wa Bahi, kama binti yako hajasema: wengi hapa tunafuga sungura au kuku nyuma ya mageto. Mwenzangu chumba cha pili ana kware. Mwenye nyumba anajifanya hawasikii.

#32 Mzee wa Bahi
Marahaba mwanangu. Hilo la sungura hajasema. Nitamuuliza.

Na huyu mtu wa katikati, Lori la Meatu, mbona hutaji faida yako kwa ng'ombe mmoja? Gogo la Bucha ametaja yake hadharani.

#33 Lori la Meatu
Mzee, ikiwa nzuri, elfu sitini au sabini kwa kichwa. Ikiwa mbaya narudi na deni la dizeli. Mwezi uliopita ilikuwa mbaya.

#34 Fremu ya Kulia
Kwa hiyo mfugaji hana faida, lori halina faida, bucha halina faida, mwanafunzi hali, mlaji hanunui. Ng'ombe ndiye aliyeshinda hapa? 😂😂

#35 Nyundo ya Ukweli
Ushuru. Unganisha kila ushuru kutoka mnada wa kijiji mpaka Vingunguti uone. Lori akutajie.

#36 Lori la Meatu
Ushuru upo ila si ndiyo unaoniua. Dizeli na madalali. Hapo Nyundo umelenga pembeni kama ulivyolenga Uarabuni.

#37 Ndoano ya Vingunguti
Nachelewa kufika ila mmesahau ngozi nyie. Mimi niko machinjioni. Zamani ngozi ya ng'ombe mmoja ilikuwa inamlipia mchinjaji gharama zote za machinjio na nauli juu. Mnunuzi wa ngozi alikuwa anasubiri mlangoni asubuhi anagombana na mwenzake. Leo ngozi unamwomba mtu aichukue, akikataa unalipa ikatupwe. Hiyo hela iliyopotea kwenye ngozi imehamishiwa kwenye kilo ya nyama. Dokta hapo #8 alisema hajahesabu ngozi, alifanya vizuri kutoihesabu.

#38 Dokta Mifugo
Ndoano, bei ya ngozi imeanguka dunia nzima, viatu siku hizi ni plastiki. Lakini na nyie mnazichana kwa visu wakati wa kuchuna, na wafugaji wanapiga chapa ya moto katikati ya mgongo. Ngozi yenye mashimo nani anainunua?

#39 Msukuma wa Bariadi
Nisipopiga chapa mgongoni ng'ombe akiibiwa nitamjua kwa sura?

#40 Ndoano ya Vingunguti
Piga shavuni au mguuni! Na sisi tupeni visu vya kuchunia vya mviringo, tunachuna kwa visu vya kukatia vitunguu.